Mwanangu, anzia mstari wa tano

Mwanangu,

Meseji yako ya Jumapili usiku niliisoma nikarudia hadi simu ikaisha chaji. Umesema tangu kontrakti iishe ni miezi minne, landilodi hapo Kaptembwo ameshakufungia mlango mara moja, na kuna siku unajiuliza uamkie nini. Hapo kwa "niamkie nini" nililia, sitakuficha.

Ukasema pia kila mtu anakutumia Yeremia 29:11, ule mstari wa Mungu kutuwazia mema na kutupa tumaini, na umechoka nayo. Sikukasirika. Lakini hebu rudi juu kidogo baba, mstari wa tano, ju hiyo sura ni barua, Yeremia aliwaandikia watu wenye walikuwa wamebebwa mateka hadi Babeli, na kabla afike huo mstari mnapenda anawaambia wajenge nyumba, wapande bustani wale matunda yake, waoe wazae, ju watakaa huko miaka 70. Sabini! Hanania, yule nabii wa uongo, alikuwa ametabiri miaka miwili tu mambo yaishe, na nadhani huyo ndiye watu walitaka kuskiza. Hata leo wako wengi wa kukuambia kabla mwezi uishe utakuwa na gari. Achana nao.

Mimi hiyo barua niliielewa 2020, ule mwaka mto Nyando ulivunja kingo na ziwa nalo likapanda, tukakaa kwa hema pale shuleni, mpunga umeoza shambani, kuku wamebebwa na maji. Wiki mbili nilikuwa naketi tu naangalia barabara kama kuna lori ya msaada, unakumbuka hata kuimba sikutaka. Siku moja baada ya maombi ya asubuhi mama mmoja wa kanisa akanipea miche ya sukuma wiki, nikamuuliza nitapanda wapi na mimi niko kwa hema, akasema jaza udongo kwa gunia. Nikajaza mbili. Hakuna kitu kilibadilika siku hiyo, maji bado yalikuwa ndani ya nyumba, lakini kesho yake niliamka nikiwa na kitu cha kumwagilia, na hiyo asubuhi ndiyo mara ya kwanza tangu mafuriko niliomba bila kumlaumu Mungu. Hiyo sukuma tulikula na watu wa hema tatu.

Kwa hivyo sikuambii kazi itapatikana wiki ijayo. Nakuambia usome mstari wa saba, wanaambiwa wauombee huo mji wenye wamepelekwa mateka, ju mji ukiwa na amani na wao watapata amani. Ombea Nakuru. Ombea hiyo ploti, hata landilodi mtaje. Na wale watoto uliniambia wanakuja jioni kukuuliza hesabu, usiwafukuze hata kama hawana cha kulipa, mimi nikisoma "pandeni bustani" naona hao watoto wamekaa hapo kwa mlango wako na vitabu.

Mimi nafunga na kuomba kila Jumatano kwa jina lako.

Nimempea dereva wa matatu mchele kilo kumi, wa hapa Ahero, kesho saa tano uwe stejini na umpelekee jirani bakuli moja. Ndani nimeweka mbegu za sukuma kwa karatasi. Gunia tumia hilo hilo la mchele.

Mama yako