Barua ya wazi kwa akina baba vijana wa Kigoma

Wanangu,

Juzi katika kikao cha wazazi alisimama mmoja wenu, akasema kwamba binti yake ameshindwa hesabu kwa sababu ubongo wa mwanamke haukuumbiwa namba, nanyi mkampigia makofi. Mimi niliyeshika chaki miaka 32 nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu mkubwa.

Sikatai kwamba mwili una neno lake. Mtoto mwenye kromosomu Y, yaani chembe ya urithi wa kiume itokayo kwa baba, huanza kuumbika korodani akiwa tumboni, kwenye wiki ya 6 au ya 7 hivi, na homoni zitokazo humo ndizo zitakazomwongezea misuli na wekundu wa damu atakapobalehe. Lakini mwili huo huo husikiliza malezi. Hapo Gombe, mwendo wa boti kutoka Kibirizi, watafiti waliandika mwaka 2004 kwamba watoto wa kike wa sokwe hujua kuvua mchwa kichuguuni kwa kijiti miaka miwili hivi kabla ya wale wa kiume, nao hukaa muda mrefu zaidi wakimtazama mama. Kule Ziwa Eyasi, utafiti wa mwaka 2009 ulikuta kwamba baba wa Kihadza, ambaye hulea wanawe kwa mikono yake, ana homoni ya kiume pungufu kuliko mwanamume asiye na mtoto, ilhali kwa jirani zao Wadatoga, ambao akina baba hawashughuliki sana na watoto wachanga, tofauti hiyo haikuonekana.

Sasa binti huyo ninamfahamu. Alfajiri moja nilimkuta mwaloni akimsaidia mama yake. Alimpimia mteja sado tatu na nusu za dagaa, akapokea noti nne za elfu kumi na kurudisha chenji kamili bila kugusa kalamu. Nililiomba daftari lake. Jalada lilikuwa limegandwa na magamba ya dagaa, kurasa za mwanzo zote zina alama za vema, kisha ghafla ni tupu, kuanzia mwezi ule mama yake alipojifungua. Tangu hapo yeye ndiye achotaye maji, aoshaye sufuria na kumbeba mtoto, huku kaka yake akijisomea penye taa. Mnamnyima saa za kusoma, halafu mnamsingizia Mungu kwamba alimuumba vibaya!

Nasi wazee hatuna pa kujifichia, kwa kuwa tumenyamaza miaka yote hii shule zetu zikiwa na vyoo visivyo na maji, ambamo msichana aliye hedhini hawezi kujisitiri, akabaki nyumbani. Wapeni mabinti maharage na mboga za majani, maana damu hiyo huondoka na madini ya chuma. Wavulana nao wafundisheni kupika na kubeba wadogo zao.

Wewe uliyesimama kikaoni, mwanangu, sikuchukii. Jioni ya leo mwache kijana wako aoshe sufuria, taa akae nayo dada yake. Nimemnunulia daftari jipya. Lipo kwangu Ujiji, njoo ulichukue wewe mwenyewe.

Mzee wenu,
mwalimu mstaafu