Kaa la moto lisigeuke doa jeupe

Ndugu Mhariri,

Picha nyingi za moto magazetini, pamoja na zile zinazozunguka kwenye simu, zina kasoro moja: palipotakiwa kuonekana kaa jekundu na mipasuko yake, pana doa jeupe tupu. Bei ya kamera haihusiki. Kamera ikiachiwa ijipimie mwanga, huona giza lililozunguka jiko, ikadhani picha nzima ina upungufu wa mwanga, ikaongeza. Rangi nyekundu hujaa kwanza, yaani hufika kikomo cha kamera, kaa likageuka njano, kisha jeupe, na hakuna programu itakayoirudisha mipasuko hiyo.

Dawa ni kupanga mwenyewe. Kwa makaa yaliyotulia, anzia ISO 400 (kiwango cha kamera kuhisi mwanga), tundu la lenzi f/8 na kasi ya 1/15 ya sekunde, kamera ikiwa juu ya tripodi. Yakipepewa, panda hadi 1/60. Ndimi za moto hutaka kasi zaidi: ISO 800, f/4 na 1/500. Cheche ni kinyume chake; zipe nusu sekunde hadi sekunde nzima, kila moja itaacha uzi wake wa mwanga. Kagua histogramu (grafu ya mwanga kwenye skrini ya kamera) ya nyekundu peke yake, kwa sababu ile ya jumla huweza kuonekana salama wakati nyekundu imeshajaa. Kipimo cha weupe (white balance, mpangilio wa kamera wa kusawazisha rangi ya mwanga) kiwekwe kwenye jua la mchana, karibu kelvini 5,200. Kikiachwa kwenye otomatiki, kitaufuta wekundu tulioufuata.

Kosa linaloharibu vifaa ni kusogea mno. Lenzi ya makro, ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ya milimita 100, ikipiga kaa kwa ukubwa wake halisi, hukaa takriban sentimita 15 tu kutoka kwenye moto, na kwa f/8 sehemu inayoonekana kali haizidi milimita moja hivi. Rudi nyuma, upige kaa kwa robo ya ukubwa wake: ukali unafika karibu sentimita nzima, na lenzi inapona. Weka kiganja kando ya lenzi. Kama huwezi kuvumilia sekunde 10, nayo isikae hapo. Piga kutoka ubavuni, usawa wa jiko, wala si kutoka juu, kwani hewa ya moto inayopanda huupinda mwanga na picha hutoka kama imepigwa ndani ya maji.

Wengine hushangaa makaa yao yakitoka ya zambarau. Kaa hutoa mionzi mingi ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, na baadhi ya kamera, hasa za simu, huipitisha kidogo. Punguza zambarau hiyo wakati wa kuhariri.

Mkaa wenyewe nao uchaguliwe. Wenye unyevu hupasuka na kurusha cheche hadi kwenye kioo. Vifuu vya nazi vilivyoshika vizuri hutoa joto kali na moshi kidogo. Pepea mara mbili tatu kutoka upande, acha, subiri vumbi la majivu litue, ndipo ubonyeze. Hapo majivu hukaa pembezoni mwa kaa kama ukingo wa lesi, na ndani ya nyufa rangi ya chungwa bado inapumua. Muda huo hauzidi sekunde chache.

Kwa simu, zima flashi, kwani huyang'arisha majivu na kuua mng'ao. Kandamiza kidole juu ya kaa hadi fokasi na mwanga vifungwe, kisha telezesha chini mpaka wekundu utokeze. Saa nzuri ni dakika 20 hivi baada ya jua kuzama: majiko ya mishikaki pale Forodhani, Zanzibar, huonekana yenyewe na moto wake kwa pamoja. Vaa pamba, nailoni huyeyukia mwilini. Na makaa yasipigwe picha ndani ya chumba kilichofungwa hata kwa dakika chache; gesi yake haina harufu na inaua.

Ombi letu kwa dawati lako la picha ni hili. Tunajua karatasi ya gazeti hunywa wino na kuzidisha giza, ndiyo maana picha hung'arishwa kabla ya kwenda mtamboni. Kwa picha ya moto, ng'arisheni vivuli peke yake, sehemu angavu ziacheni kama zilivyoletwa.

Wapiga picha, wasomaji wenu
Dar es Salaam