Barua kwa Rukia: kijana aliyeshindwa kuamka kula daku

Langoni, Lamu
Shaabani

Shoga yangu Rukia,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Kaskazi inavuma, mama anakusalimu sana na anauliza utakuja lini kula mkate wa mofa.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Umeniandikia kwamba ripoti ya mgonjwa mmoja ni hadithi tu, na kwamba sisi wa hospitali ndogo tungefanya la maana zaidi kuwatafutia ninyi wa tafiti kubwa wagonjwa wa kutosha, kuliko kukesha tukiandika habari za mtu mmoja. Sikubaliani nawe, na nitakwambia sababu. Ila kwanza nikupe habari za mgonjwa wangu, maana bila yeye tutakuwa tunabishana hewani.

Jina lake sitalitaja, wala mtaa, wala kazi. Mji huu unaujua: ukisema mtu alikuwa na kikohozi na baba yake ana punda mweupe, umeshamtaja. Tuseme ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye nguvu zake. Aliletwa alfajiri katikati ya Ramadhani iliyopita, wanaume wamembeba juu ya kitanda cha kamba. Alifuturu vizuri, akasali tarawehe, akalala. Alipoamshwa kula daku miguu haikumwitika. Mikono aliinua kidogo, ikaanguka. Lakini akili timamu, anazungumza, anameza, ukimgusa unyayo anakwambia ni kidole gani umekigusa. Homa hana. Nilipomgonga goti, mguu haukuruka hata kidogo.

Nyumbani walikuwa wameshamnywesha kombe na mzee mmoja amesema ni upepo mbaya. Pale wodini mmoja wetu alisema kiharusi, mwingine akauliza kama amekula bunju. Hilo la bunju lilikuwa swali zuri sana kwa pwani yetu, ila sumu yake huanza na ganzi ya midomo na ulimi, na huyu hakuwa na ganzi popote, wala samaki hakula usiku ule. Kiharusi nacho si kawaida yake kulegeza miguu yote na mikono yote kisha kimwachie mtu uso wake umenyooka.

Kilichonishika mimi ni mapigo ya moyo. Mtu amelala kimya, hawezi kujigeuza, na moyo unakwenda 120 kwa dakika. Ngozi ina joto na unyevu. Nikamuuliza mkewe kama amebadilika siku za karibuni. Akasema, "Daktari, huyu anakula sahani mbili na shati zote zinamning'inia." Hapo nikaagiza potasiamu, yale madini ya damu yanayoendesha misuli na moyo, ipimwe mara moja. Ikarudi 1.9, nawe unajua kwamba kiwango cha kawaida huanzia 3.5. Karatasi ya kipimo cha moyo ilikuwa na lile wimbi dogo la ziada linalofuata mapigo pale potasiamu inaposhuka. Tulimpa potasiamu ya kunywa kidogo kidogo, pamoja na propranololi, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo. Adhuhuri akakaa mwenyewe. Alasiri alikwenda msalani kwa miguu yake, ameshika ukuta, na akanirudia na swali la kulipa swaumu ya siku ile.

Damu ya kupima tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, ilivuka kwa boti hadi Mokowe na kupanda basi kwenda Mombasa. Majibu yalipokuja yalikuwa kama nilivyotarajia: tezi inafanya kazi kupita kiasi. Sasa yuko kwenye kabimazoli, dawa ya kuituliza tezi, amenenepa, na kupooza hakujarudi.

Wewe si mtu wa wodi za watu wazima, kwa hiyo niruhusu nieleze kidogo, maana ugonjwa huu, kupooza kwa vipindi kunakoletwa na tezi ya thairoidi, ni wa ajabu na unanivuta moyo kweli. Potasiamu ya kijana huyu haikupotea. Imo mwilini, imeingia ndani ya seli. Homoni za thairoidi huzichochea zile pampu zinazosukuma potasiamu kuingia kwenye misuli, na insulini nayo huzichochea vilevile. Mtu akila wanga mwingi, insulini inapanda, akalala misuli imetulia, basi potasiamu inakimbilia ndani na misuli inabaki haina la kufanya. Ndiyo maana huwapata usiku au alfajiri. Na ndiyo maana hatari nyingine iko kwenye tiba: ukimjazia potasiamu kwa pupa, ile iliyojificha ikitoka inamkuta ana nyingi mno, na moyo unaweza kusimama. Ugonjwa wa tezi yenyewe ni wa wanawake zaidi, lakini kupooza huku huwapata wanaume, tena vijana.

Sasa itazame futari yetu, Rukia. Viazi vitamu, mihogo ya nazi, tambi za sukari, kaimati zimeloa shira, sharubati juu yake. Kisha usingizi. Kama kuna mtu mwenye tezi iliyochemka na hajijui, usiku wa Ramadhani ndio utakaomwambia.

Vitabu vyetu vinautaja ugonjwa huu kama wa Wachina, Wajapani na majirani zao. Kwao, katika wagonjwa wenye tezi inayofanya kazi kupita kiasi, karibu 2 katika kila 100 hupooza namna hii. Marekani ya Kaskazini ni mmoja au wawili katika 1,000. Mwaka 2010 iligunduliwa jeni inayohusika na milango ya potasiamu kwenye misuli, ambayo baadhi ya wagonjwa hawa wana hitilafu ndani yake. Waafrika wametajwa, lakini kwa uchache. Mtu mmoja aliposikia habari hii hapa aliruka moja kwa moja hadi Siyu, kwenye ile simulizi ya mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na jahazi Pate wakaoa huko. Akanikumbusha ile sarafu ya mfalme Yongle wa China iliyochimbuliwa kisiwani Manda mwaka 2013. Simulizi naipenda, na sarafu ni ya kweli. Lakini mgonjwa mmoja hathibitishi asili ya mtu, na nimekataa kuliweka hilo katika ripoti hata kwa sentensi moja. Ugonjwa huu umeonekana kwa watu wa kila rangi. Shaka yangu ni nyingine kabisa: huenda huku kwetu hauandikwi kwa sababu potasiamu haipimwi. Mgonjwa anapooza, anaombewa dua, kufika saa sita ya mchana anatembea, na kila mtu anashukuru Mungu na kwenda zake. Nani atamtoa damu mtu aliyekwisha pona?

Nifike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie. Nilipomaliza rasimu nilikwenda kwake baada ya magharibi, kwa idhini yake, nikamsomea yote kwa Kiswahili. Kidole gumba kwenye karatasi si idhini ya kutosha kwangu. Nilitaka asikie kila neno litakalosomwa na wageni. Alisikiliza ameegemea nguzo ya daka, mtoto amelala mapajani mwake. Nilipofika pale nilipoandika kwamba alipooza "baada ya siku nzima ya kufunga" akanizuia kwa mkono. Akasema swaumu haihusiki. Miezi kadhaa kabla yake, kwenye harusi ya binamu yake, alikula pilau na halua mchana, akajilaza ukumbini, akaamka miguu mizito kama ya mtu mwingine. Watu walidhani ni uchovu wa shughuli. Ikapita baada ya saa chache na hakuwahi kumwambia yeyote, kwa haya.

Unaona uzito wa maneno hayo? Kama ni swaumu, tutawaambia watu wenye tezi wasifunge, na tutakuwa tumewanyima ibada yao bure. Kama ni wanga mwingi kwa mkupuo kisha usingizi, basi ushauri ni mwingine: fungua kwa kidogo, tende na maji, sukari ipungue, na tezi itibiwe. Swali la utafiti limegeuka mbele ya mlango wa nyumba yake, na aliyeligeuza ni mgonjwa. Dodoso lako lisingelipata, kwa sababu hakuna ambaye angejua kuuliza juu ya pilau.

Sasa turudi kwenye hoja yako. Ule utafiti wa haidroksiyurea, dawa ya selimundu, mlioshiriki huko Kilifi pamoja na Uganda, Kongo na Angola, uliochapishwa mwaka 2019, ninaufahamu na ninauheshimu. Watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, walipata maumivu machache, malaria ikapungua, damu ya kuongezwa ikapungua, na vifo vikapungua. Lakini ufuate nyuma ulikotoka. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alichapisha habari za mgonjwa mmoja tu, mwanafunzi kutoka Grenada, ambaye seli zake za damu zilikuwa na umbo la mundu. Aliyeziona kwanza kwenye darubini ni daktari kijana aliyekuwa akijifunza wodini, Ernest Irons. Herrick hakujua ni ugonjwa gani. Aliandika alichokiona, akaacha jina la ugonjwa wazi mpaka wengine walete habari za wagonjwa kama wake. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, akazunguka kupima damu na kuona kwamba alama ya selimundu, yaani kurithi jeni yake kwa mzazi mmoja tu, imejaa huku pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini ni adimu milimani. Mwaka 1954 akaonyesha kwamba inamkinga mtu dhidi ya malaria. Pwani hii, damu za watu wetu. Mnyororo wote huo, hadi kwenye vidonge mnavyowapa watoto, pete yake ya kwanza ni karatasi ya mgonjwa mmoja.

Na Lamu wenyewe tunakumbuka mwaka 2004. Homa ilianza, viungo vinauma hadi mtu hawezi kushika kikombe, kila aliyeugua akidhani ni malaria. Ilikuwa chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu. Damu zilipopimwa baadaye, asilimia 75 ya waliopimwa walikuwa wameupata. Ilikuwa wakati wa ukame, maji yamewekwa kwenye mitungi na mapipa majumbani, na mbu wa mchana wakazaliana humo. Kutoka hapa uliingia Mombasa, ukaenda Komoro na Réunion. Huugundui mlipuko mapema kama hakuna aliyezoea kushtuka na kuandika anapoona mgonjwa asiyefanana na wengine.

Sisemi ripoti yangu ithibitishe chochote. Haithibitishi. Inasema tu: jambo hili lipo hapa, litafuteni. Kulitafuta ndiko kunakohitaji watu kama wewe.

Kwa hiyo ninakuomba mambo haya, na wakati umebaki mdogo kabla mwezi haujaandama. Zungumza na wenzako wa Malindi na Kilifi wanaoshika zamu za usiku: kila mwanamume kijana atakayeletwa amelegea miguu na akili zake timamu, atolewe damu ya potasiamu kabla ya kupewa chochote, ahesabiwe mapigo, na aulizwe alikula nini jioni na kama amekonda. Pili, nisaidie kuandika maombi kwa kamati ya maadili ili tupitie madaftari ya wodi ya Ramadhani zilizopita, yako na yangu, tuone wangapi waliandikwa "kiharusi" wakaruhusiwa siku ya pili wakitembea. Wewe unajua kupanga utafiti kuliko mimi. Mimi nina wagonjwa na nina subira ya kuwasikiliza.

Rasimu nimeiambatisha. Mahali penye pilau nimepaandika upya kwa maneno yake mwenyewe, naye ameniambia sasa ni sawa, nitume. Isome kwa ukali wako wote, na unijibu kabla ya mwandamo inshallah.

Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Zainabu