Injini isiyotupa kitu nyuma ipimwe kwanza

Mhariri,

Naandika kuhusu habari mliyochapisha juu ya injini ya chombo cha anga inayodaiwa kusukuma bila kutupa chochote nyuma. Siombi mvumbuzi achekwe. Naomba apimwe, maana njia hii tulishaipita na EmDrive, kopo la shaba lenye umbo la koni linalojazwa mawimbi ya maikrowevu, ambalo nalo lilidaiwa kusukuma bila kutupa kitu nyuma.

Mwaka 2016 watafiti wa NASA walichapisha kwamba kopo hilo lilitoa msukumo wa takribani milinyutoni 1.2 (milinyutoni ni kipimo cha nguvu ndogo) kwa kila kilowati ya umeme, ndani ya ombwe, yaani mahali pasipo hewa. Umeme wenyewe haukufika wati 100, kwa hiyo msukumo uliosomwa ulikuwa mdogo kuliko uzito wa punje moja ya mchele. Kwa kiwango hicho karibu kila kitu hudanganya. Shaba ikipata joto hutanuka, kitovu cha uzito kikasogea, na mizani ikainama kana kwamba imesukumwa. Mwaka 2018, huko Dresden, Ujerumani, watafiti walipunguza sana nguvu ya mawimbi iliyoingia kwenye kopo, lakini “msukumo” ukabaki palepale! Basi haukutoka kwenye kopo; walishuku ulitokana na nyaya za umeme kusukumana na usumaku wa Dunia.

Basi kabla ya kuchapisha madai kama haya, mwandishi wenu amuulize mvumbuzi: injini ilipogeuzwa, msukumo nao uligeuka? Ilijaribiwa kwa betri iliyofungwa humohumo, bila waya wa nje? Kopo lilipobadilishwa na kipande kinacholeta joto lilelile tu, mizani ilisoma nini? Asiye na majibu apewe muda, si ukurasa wa mbele.

Msomaji wenu