Kafyu ndefu ipitie Bungeni

Mhariri,

Naandika kuhusu mamlaka ya dharura na nani anayeyadhibiti. Kifungu cha 58 cha Katiba ya Kenya kinasema tangazo la hali ya hatari halizidi siku 14. Kulirefusha kunahitaji theluthi mbili ya wabunge, na mara zinazofuata robo tatu. Mahakama ya Juu nayo inaweza kuamua kama tangazo lenyewe ni halali. Hizo ni breki madhubuti, na walioiandika Katiba walikumbuka hali ya hatari ya mkoloni iliyoanza 1952 ikaisha 1960.

Lakini kafyu ya korona haikupita mlango huo. Ilianza 27 Machi 2020 kwa amri ya waziri chini ya sheria ya utulivu wa umma, ikarefushwa tena na tena hadi 20 Oktoba 2021. Jioni ile ya kwanza, hapa Likoni, polisi walirusha vitoa machozi na kuwacharaza virungu abiria waliokuwa wakisubiri feri, saa ya kafyu haijafika. Watu walikuwa wakikimbilia nyumbani kutii amri hiyo hiyo! Sipingi kwamba ugonjwa ulihitaji hatua za haraka. Ninachopinga ni miezi karibu 19 bila wabunge kuipigia kura.

Naomba Bunge lirekebishe sheria hiyo ili kafyu yoyote ikipita siku 14 iletwe mbele yake, pamoja na ripoti ya waliojeruhiwa na waliokamatwa.

Msomaji,
Likoni, Mombasa