Mama Doto, nisaidie kabla ya mkutano wa Jumamosi

Mwanza
Jumapili, 15 Agosti 2021

Mpendwa Mama Doto,

Mwangaluka! Salamu nyingi sana kutoka huku. Watoto wazima, baba yao mzima, presha yangu imetulia tangu nibadilishiwe dawa. Dagaa wapo kiasi, ila mwezi unakua, na dagaa huvuliwa kwa taa gizani, kwa hiyo wiki ijayo mitumbwi mingi italala nchi kavu. Mama Kulwa anapanda meli ya Nansio, huko kwenu Ukerewe, kesho, ndiye atakayekuletea barua hii. Simu yako nimeipiga weee, inakatika, na hata isingekatika, mambo yenyewe ni marefu, nataka uyasome umekaa.

Ni hivi. Jumanne iliyopita gari la matangazo lilizunguka mtaani kwetu mpaka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, spika mbili juu, likisema kwamba kwa ajili ya korona, kuanzia siku inayofuata yeyote anayeuza chakula au samaki bila ndoo ya maji tiririka, sabuni na barakoa atatozwa faini ya shilingi 50,000, na asiyelipa ataondolewa eneo la biashara. Basi. Hakuna kikao kilichoitishwa, hakuna karatasi iliyobandikwa ofisini kwa mtendaji. Kesho yake asubuhi mgambo wakafika.

Wakaanza na mama lishe. Unamkumbuka yule dada wa Sengerema anayepika karibu na mzani? Barakoa alikuwa nayo, imefunika pua na mdomo. Ndoo yenye koki alikuwa nayo, sabuni alikuwa nayo. Maji ndiyo yalikuwa yameisha, maana huku kilimani bomba linatoka usiku wa manane, siku nyingine halitoki kabisa, na asubuhi ile wateja wa chai walikuwa wameshanawa yakaisha. Wakambebea sufuria mbili na benchi, maharage bado yanachemka. Akafungua pindo la khanga, akatoa elfu ishirini aliyokuwa nayo, wakapokea. Nikauliza risiti iko wapi. Nikaambiwa nisiingilie kazi ya serikali.

Tangu siku hiyo sina raha. Akina mama wameniomba niwasemee kwenye mkutano wa mtaa Jumamosi hii, siku iliyochaguliwa kwa sababu ya mbalamwezi, wavuvi wote watakuwepo. Na katika watendaji wote ninaowafahamu, wewe ndiye ukiulizwa unajibu kilichoandikwa, hata kama hakimpendezi mkubwa.

Usije ukadhani naipinga barakoa. Februari tulimzika Mwalimu, mimi na wewe. Uliona alivyokuwa akihangaika kutafuta pumzi, na ulisikia sote tulivyolitaja gonjwa lile kwa kunong'ona, "changamoto ya upumuaji", "nimonia kali", kwa sababu namba za mwisho tulizotangaziwa zilikuwa zile za Mei 2020, wagonjwa 509 na vifo 21, halafu kimya. Mwaka jana huo huo, mgonjwa wa kwanza alipotangazwa Arusha tarehe 16 Machi na kesho yake shule zikafungwa, hapa kwetu kila duka lilikuwa na ndoo mlangoni. Watoto waliporudi shule tarehe 29 Juni, ndoo zikaanza kukauka moja moja mpaka zikawa za kufulia. Kwa hiyo Rais Samia alipounda kamati ya wataalamu mwezi Aprili, na tulipomwona akichanjwa hadharani tarehe 28 Julai, mimi nililia. Nilimlilia Mwalimu. Na mimi nimeshachanja, maana nimevuka hamsini na presha ninayo. Ni ile ya Johnson & Johnson, sindano moja tu, mkono ukaniuma usiku ule na asubuhi nikaenda kuanika dagaa.

Kanuni nazitaka, Mama Doto. Nazitaka kuliko hao wenye spika, na ndiyo maana inaniuma kuona kitu cha kutulinda kinageuzwa sababu ya kubeba sufuria ya mtu. Aliyepokonywa sufuria kwa jina la korona, kesho ukimpelekea habari za chanjo atakuona na wewe ni mgambo. Wameshaanza kusema. Kijana mmoja wa kubeba magunia kaniambia usoni, "Mama Neema, barakoa ni kodi mpya." Kijana huyo huyo mwezi jana alikuwa anaivaa bila kuambiwa na mtu.

Halafu nilikaa na nesi wetu wa zahanati, akanieleza taratibu kwamba gonjwa hili linasafiri zaidi kwa pumzi: chumba kilichofungwa, watu wengi, muda mrefu, sauti za juu. Sasa utazame mwalo wetu. Sisi wa kuanika tuko kwenye upepo wa ziwa tangu alfajiri, kila mtu na chanja lake la kuanikia. Pale juu barabarani kuna banda la mpira, lile la mabati, halina hata dirisha. Ligi ya Uingereza imeanza tena juzi Ijumaa. Vijana wanakaa bega kwa bega dakika tisini wakipiga kelele, na mlango unafungwa ili asiyelipa asichungulie. Hakuna aliyeligusa. Daladala za Buhongwa na Kishiri tumeambiwa level siti, yaani abiria wote wakae, asisimame mtu: asubuhi wanatii mpaka wampite askari, jioni watu wananing'inia mlangoni. Banda lina mwenyewe, daladala ina tajiri. Mama lishe ana sufuria, na sufuria inabebeka. Nikilifikiria hilo nashikwa na hasira, na sitaki kwenda mkutanoni na hasira.

Maji ni muhimu, silikatai hilo hata kidogo. Korona hata ikiondoka kesho, kipindupindu bado tunacho, na nyie wa visiwani mnakijua kuliko sisi. Lakini anayeamuru maji aanze kwa kuyaleta maji. Ziwa lote lile liko chini yetu, na dumu la lita 20 kupandishwa huku ni shilingi mia tatu, likiadimika mia tano. Mama lishe anayeuza sahani moja kwa shilingi elfu moja na mia tano atanunua madumu mangapi ili kila mteja anawe kwenye koki inayomwaga?

Ndipo nikakumbuka vibuyu chirizi, vile Mwalimu alivyowafundisha watoto kutengeneza pale karibu na vyoo vya shule. Unachukua dumu la mafuta la lita tano, unatoboa tundu dogo kwa msumari wa moto, chini kidogo ya mfuniko. Unalining'iniza kwenye fito iliyolazwa juu ya panda mbili, unafunga kamba shingoni mwa dumu mpaka kwenye kijiti kilicholala chini. Ukikanyaga kijiti, dumu linainama na maji yanachirizika. Ukiachia, linasimama na maji yanakata. Sabuni unaitoboa katikati, unaitundika pembeni. Hakuna anayeshika koki, na maji yanayotumika ni kidogo mno. Gharama yake ni kamba, msumari na dumu ambalo lingetupwa. Tumeshavitengeneza kadhaa na vijana wa mwaloni, vipo kuanzia mzani mpaka kwenye mitumbwi. Mama Kulwa cha kwake alikipaka kijani na njano, rangi za Yanga, mashabiki wa Simba wakagoma kukikanyaga! Ikabidi atengeneze cha pili, chekundu. Sasa wanashindana kunawa, nikiwasikia nacheka mpaka machozi.

Hakuna aliyetozwa senti kwa hilo. Watu walikaa, wakaulizana, wakaona shida iko kwenye maji, wakaitafutia dawa yake. Wale wa spika wangekuja kukaa nasi nusu saa tu...

Sasa nije kwenye shida yangu hasa. Tulipokuwa tunarudi kutoka msibani uliniambia neno ambalo wiki hii nzima linanirudia. Ulisema kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo: halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unatoa maoni, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Lakini mtaa wa mjini hauna mamlaka hayo. Huku mjini anayetunga ni halmashauri yenyewe: madiwani wakae, wananchi wapewe taarifa watoe maoni, waziri aidhinishe, itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Ni Sheria Na. 8 ya mwaka 1982, ile ya mamlaka za miji, na yenu ya wilaya ni Na. 7, sivyo? Kama nimeshika sawasawa, ile elfu hamsini ya kwenye spika inatoka kifungu gani? Mwongozo wa Wizara ya Afya niliufuatilia redioni: barakoa, kunawa, kutobanana, kupunguza mikusanyiko isiyo ya lazima. Sikusikia mahali mtaa umepewa kazi ya kutoza faini. Najua pia iko Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na bwana afya ana nguvu zake magonjwa yanapolipuka. Hapo ndipo wanaweza kunibana mbele ya watu, kwa hiyo nataka niujue mpaka wa nguvu hizo kabla sijasimama.

Ugomvi siutaki. Mwenyekiti wetu si mtu mbaya, ameamrishwa, na aliyemwamrisha naye ameamrishwa, kila mmoja anatakiwa kupeleka taarifa juu kwamba kazi imefanyika. Nataka apate la kupeleka. Aseme mwaloni kwake kuna vibuyu chirizi, banda la mpira limetobolewa madirisha na nusu ya watu wanakaa nje, mnada wa samaki umehamishwa kutoka ndani ya kibanda kuja uwanjani, barakoa zinavaliwa kwenye mzani na kwenye mtumbwi wa abiria. Hayo ndiyo yangemwokoa mtu kama Mwalimu, ambaye tunajua alikaa siku nzima kwenye kikao ndani ya darasa lililofungwa madirisha kwa sababu ya mvua.

Na sufuria zirudi. Hilo sitaliacha. Yule dada alizinunua kwa mkopo wa kikundi, ule usio na riba, ile asilimia nne ya mapato ambayo halmashauri inatenga kwa wanawake. Rejesho ni kila mwezi, wenzake wamemdhamini. Hajafungua tangu siku ile. Anapita asubuhi, anasalimia, anakwenda kukaa kwa dada yake. Wanaokula kwake ni wabeba magunia, sasa wanakwenda kubanana kwenye mgahawa wa ndani, kibanda kimoja, meza nne, feni moja. Umeona kanuni ilipowapeleka?

Kuna la matanga pia, nalipitia haraka. Baba yake Shija amefariki, Mungu amrehemu, alikuwa mgonjwa muda mrefu. Familia wenyewe wakaamua: kuzika siku hiyo hiyo, matanga yasilale, viti vikae nje mbalimbali. Wazee walinung'unika, wakasema tangu lini Msukuma anazikwa watu wakatawanyika jioni. Mama mfiwa akajibu kwamba anawapenda ndiyo maana anawarudisha makwao wakiwa wazima. Hakuna mgambo aliyehitajika pale.

Sasa nijibu, tafadhali, na nijibu kwa maandishi, Mama Kulwa anarudi Alhamisi. Jina lako sitalitaja, nakuahidi. Nikitaka kuiona hiyo sheria ndogo, kama ipo, niiombe kwa nani: mtendaji wa kata, au niende moja kwa moja kwa mwanasheria wa halmashauri? Niandike barua au niende tu? Wakisema ipo ila hawana nakala, nafanyaje? Aliyetoa elfu ishirini bila risiti anaweza kudai, na adai wapi? Mgambo ana ruhusa ya kubeba mali ya mtu bila karatasi yoyote? Na diwani, nimwone kabla ya mkutano au nimwache asikie pamoja na wengine?

Na huko kwenu mnaendaje? Mnatoza faini, au mmekaa na watu kwanza? Chanjo imefika kisiwani? Wewe umechanja? Baba Doto je, na lile pafu lake? Wavuvi wa kambini wanakubali? Harusi ya Doto mwezi wa tisa bado ipo, na mkifanya, itakuwa nje au ukumbini? Niambie mapema, maana kama ni ukumbini nitakuja siku moja kabla kubishana na mama mkwe wake.

Kwenye mfuko kuna barakoa za kitambaa, Neema ameshona, zina matabaka mawili. Zifue kwa sabuni na uzianike juani. Zile mbili kubwa ni za Baba Doto, kwa ajili ya ndevu.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Neema