Mashemeji wa ng'ambo ya Ruvuma

Chikongola, Mtwara

Shoga yangu Somoe,

Salamu nyingi. Huku wazima, isipokuwa Bi Fatu, mguu bado. Najua umeninunia kwa kimya changu, lakini leo nina shida na vitabu unavyo wewe.

Kwenye arusi ya Zuhura walikuja mashemeji kutoka Mueda. Pilau halijapoa, Mzee Chilumba kaanza: eti Wamakonde wa ng'ambo ni wakali wa kuzaliwa, sisi wa Newala wapole, ndiyo maana wao walipigana na sisi tukapewa uhuru mezani. Shemeji mmoja akarudisha tonge kwenye sinia. "Babu alikwenda Mueda kuuliza," akasema. "Hakwenda kupigana." Basi, meza nzima kimya.

Damu gani hiyo inayogeuka kwa kuvuka mto? Huku Mwingereza alitawala kwa udhamini, Umoja wa Mataifa unamchungulia. Ujumbe wao ulifika 1954, mwaka uliofuata Nyerere akaenda New York kusema mbele yao. TANU, chama cha Nyerere, ilibanwa, lakini ilikuwa na pa kusemea. Kule Mreno alikwisha tangaza kwamba Msumbiji ni jimbo la Ureno, sasa uhuru udai kwa nani? Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika penye ofisi ya mtawala pale Mueda, wakapigwa risasi. Vita vikaanza 1964.

Ila nakwama hapa. Sisi wapole 1965 tukawa na chama kimoja kwa sheria. Wao 1975 FRELIMO, chama kilichoongoza vita, peke yake. Nadhani ni lile boma, ofisi ya serikali inayoamuru kutoka juu. Mjerumani aliweka akida, mtawala wake wa vijijini, Mwingereza akaweka DC, bwana mkubwa wa wilaya, sisi tuna mkuu wa wilaya, na mpaka leo anateuliwa kutoka juu. Sheria ya 1997 inamruhusu kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48! Huyo huyo Mzee Chilumba akiitwa ofisini anavua kofia tangu getini. Lakini pia, shoga, walioinua mikono bungeni 1965 walikuwa wetu, si wakoloni. Sasa lawama tuigawe vipi...

Una chochote kuhusu Mueda, hata cha Kireno? Mumeo bado anakisoma? Unaonaje kuhusu boma, au nimechanganya mambo? Hamisi amekulipa? Na msimu wa korosho unakuja, au tuendelee kukusikia kwenye simu tu?

Wako,
Mwanahamisi